Ng'ombe za Bibi na Pumzi za Mapendo

Siku yangu ya kwanza kwenye dispensari ya Goma, infirmier mukuu, yaani muuguzi mkubwa wa pale, alinipa taa ya alkoli na kichupa chembamba chenye mukojo wa mutoto. "Chemsha. Ukigeuka mweupe kama yai, niite."

Uligeuka. Niliona haya kuita, nikasimama nao mpaka akaja mwenyewe.

"Weye una ulimi kweli?"

Nilikuwa na shule ya msingi tu, na kusema mbele za watu kulinishinda.

Mukojo mweupe maana yake figo zinavujisha albumine, protini ya damu, na mutoto huamka na uso umevimba. Pneumocoque, kijidudu cha nimonia, hukaa puani mwa watoto wengi bila neno, lakini mwenye figo hizo humwangusha upesi. Ndiyo sababu tulihesabu pumzi za mutoto wa namna hiyo dakika nzima kwa saa ya mkono. Pumzi huenda mbio hata kabla kifua hakijalia.

Mwenye mukojo ule aliitwa Mapendo, wa miaka mine. Bibi yake alimleta kutoka milima ya Masisi, kwa wafugaji. Siku ya pili homa ikapanda. Nilifungua nguo yake nikaanza kwa sauti: moja, mbili, tatu.

Bibi akamfunika. "Kwetu hatuhesabu ng'ombe, sembuse mutoto. Mwenye kuhesabu anatafuta cha kupunguza."

"Mama, ni sheria ya kazi," akasema infirmier mukuu.

"Basi hesabu watoto wako."

Alishaanza kumfunga mgongoni. Nilijua kwamba bila penisilini Mapendo hatafika hata Sake, njiani kwenda kwao, na ulimi ukanifunguka.

"Mama, jioni munajuaje kama ng'ombe zote zimerudi?"

"Kwa majina. Weye kwenu munaziita kwa filimbi?"

"Basi taja majina. Kila kifua kikipanda, moja inaingia zizini."

Alicheka, akaketi, kifua cha mutoto kikimgusa mgongoni. Bihogo, Gaju, Gitare... mpaka Sine na mwenzake, za mwisho. Ikabidi aharakishe. "Mbona leo zinakimbia hivi?" Zote ziliingia kabla mshale haujafika nusu ya dakika. Akamfungua Mapendo mgongoni.

"Mupigeni sindano yenu."

Tulimpiga penisilini asubuhi na jioni. Siku ya nne dakika iliisha bibi akiwa bado na majina.

"Sine na mwenzake zimebaki nje," akasema.

"Ziache zile majani, Mama."

Infirmier mukuu alisoma karatasi yangu. "Umeandika 'ng'ombe mbili zimebaki nje'. Dokteri ataelewa nini?"

Bibi alimweleza dokteri, naye akacheka mpaka akavua miwani.

Figo za Mapendo zilichukua muda kupona. Msimu uliofuata bibi alirudi naye akisema ni nimonia, homa ikiwa bado changa, kifua hakina sauti yoyote. Dokteri akamuuliza nani alimwambia ni nimonia.

"Nimezitaja alfajiri. Zimekimbia."

Ilikuwa nimonia, na tuliiwahi.

Baadaye nilihamishiwa Bunagana, kisha nikarudi Goma mpaka pensheni. Leo kuna chanjo ya pneumocoque, na ninyi wauguzi vijana muna mashine ya kubana kidole, ya kupima hewa ya damu. Nafurahi sana. Lakini mutoto akienda nyumbani mashine inabaki dispensari. Mupeni mama yake kitu cha kupimia ambacho yeye mwenyewe anakijua, hata kama karatasi yenu itachekwa.