Vifaa vyangu vya kwanza vya kutengenezea motokaa, na spana niliyoiweka Gulwe

Wakuu, mbukwenyi. Salamu kwa wote, mlioko kambini na mlioko stesheni.

Nimeona watu wanaulizana humu: mtu anayetaka kuanza ufundi wa motokaa aanze na vifaa gani? Majibu ni mengi, na mengine yametoka kwa watu ambao motokaa wameiona ikipita tu. Mimi nitaeleza yaliyonikuta, bila chumvi. Anayetaka chumvi, dukani ipo.

Kwa wasionijua: mimi ni Mgogo, naishi Kikuyu, mwendo mfupi kutoka stesheni ya Dodoma. Reli ya Mdachi ilipofika kwetu nilianza kama kuli wa kubeba mataruma, nikapandishwa kuwa msaidizi wa mafundi kwenye karakana. Huko ndiko nilikojua nati inafunguliwa upande gani.

Vifaa vya karakana havitoki nje. Ukikutwa navyo mlangoni ni hamsa ishirini, viboko, mbele ya watu. Halafu spana zao ni za injini ya treni, nyingine zina ukubwa wa paja langu. Kwa hiyo anayetaka kazi yake mwenyewe lazima awe na vyake.

Nilianza na nyundo. Kichwa alinifulia mhunzi kwa mbuzi mmoja, mpini nikachonga mwenyewe kwa mti wa mkole. Hiyo ipo mpaka leo.

Kisha bisibisi. Babu yangu aliacha mkuki uliovunjika ncha. Nikaukata, nikausugua kwenye jiwe siku mbili, nikautia mpini. Mke wangu hakufurahi. Alisema mkuki wa babu ni wa kuning'inizwa ukutani, si wa kukorogea skrubu. Tulinuniana kidogo, yakaisha.

Tupa nilipewa na fundi baada ya meno ya tupa hiyo kuchakaa. Koleo nilinunua kwa Mhindi wa stesheni.

Halafu ndiyo spana. Ile ambayo mafundi wanaiita spana malaya, kwa sababu mdomo wake unafunguka na kufunga, inakubali nati yoyote. Fundi mmoja wa Kihindi alikuwa anarudi kwao, akakubali kuniachia. Nilimpa mtamba. Ndiyo, wakuu, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, kwa chuma cha kushika kwa mkono mmoja. Baba alikwenda zizini kuhesabu waliobaki.

Sasa hapa ndipo nilipofanya kosa, na sidhani kama kuna kabila jingine ambalo lingelifanya.

Sisi Wagogo ng'ombe wote hatuwaweki zizi moja. Unao kumi, wanne unabaki nao, wawili kwa rafiki yako huku, wengine kwa shemeji kule. Anayekutunzia anakunywa maziwa, na ukikwama anakugawia. Ukija ugonjwa au ukame upande mmoja, upande mwingine unabakiwa na mbegu. Ng'ombe wa baba waliingiwa na ugonjwa wa sotoka, zizi likaisha lote. Tuliinuka kwa ng'ombe watatu waliokuwa kwa watu.

Nami nikafikiri hivi: spana imenigharimu ng'ombe, basi ni ng'ombe.

Nyundo na tupa nikabaki nazo Kikuyu. Bisibisi nikaipeleka Ihumwa kwa rafiki yangu. Spana nikampa Ndahani, jamaa yangu anayetunza pampu ya maji ya treni kule Gulwe. Mwizi akiingia kwangu atapata nyundo na tupa iliyochakaa tu. Koleo nilitembea nalo.

Nilijiona nina akili sana.

Idi alicheka mpaka akakaa chini. Huyu ni Mrangi wa Kondoa, mfanyabiashara, mtani wangu, na yeye pia anajifunza ufundi. Vyake vyote viko kwenye sanduku moja, na sanduku anasafiri nalo.

"Nyie Wagogo bwana," akasema, "mnafuga mpaka vyuma! Ikizaa, niwekee ndama."

(Naona mkuu wa Kilosa ameuliza kama jeki ni lazima. Si lazima. Gogo refu na watu wanne wenye nguvu wanatosha. Tuendelee.)

Kulikuwa na Mgiriki mmoja anayepeleka chakula kwenye kambi za reli. Tulimwita Bwana Miwani. Alikuwa na motokaa. Vifaa vilivyokuja nayo vilidondokea njia ya Kondoa, kimoja kimoja, hakuna aliyejua wapi.

Jumatano moja alienda Ihumwa kununua ng'ombe wa kuchinja, motokaa ikazima. Akaniita, maana alikuwa amenisikia nikijisifu.

Niliikagua. Petroli ilikuwa haishuki. Chini ya tangi kuna mrija wa shaba umefungwa kwa nati, na mavumbi yetu mnayajua, yalikuwa yameziba humo ndani. Kazi ya kufungua nati, kupuliza, kufunga. Haifiki hata muda wa kuchemsha uji.

Mkononi nina koleo.

Sikilizeni vizuri hapa wanaoanza: nati ya shaba usiiguse kwa koleo. Shaba ni laini, koleo linakula kona zote, nati inabaki mviringo, na hapo hakuna spana duniani itakayoishika. Nilitamani kujaribu. Nikajizuia.

Nikamwambia Bwana Miwani spana ipo, ila ipo Gulwe.

Akavua miwani, akaifuta, akavaa tena. "Jumamosi treni inayokwenda pwani itapita hapa," akasema. "Nitaipakia motokaa iende Dar es Salaam kwa mafundi. Ukirudi kabla, nakuandika kazi. Ukichelewa, basi."

Niwaeleze "basi" hiyo ilimaanisha nini. Karakana ilikuwa inapunguza watu, na msimamizi alishasema: Jumatatu, kila asiye na mwajiri aliyemwandika anakwenda mbele na reli, upande wa Tabora. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika. Mwaka uliotangulia nilikuwa kambini wakati wa kupanda, mke wangu akalima peke yake na watoto wawili wadogo, tukala majani miezi miwili. Mtoto wa pili alibaki macho tu. Sikuwa tayari kuyaona tena yale macho.

Idi ningemuomba sanduku lake, lakini alikuwa Kondoa.

Nikapitia kwa rafiki yangu palepale Ihumwa, nikachukua bisibisi, nikadandia treni ya mizigo kwenda Gulwe. Alhamisi asubuhi nikamkuta Ndahani kwenye pampu yake.

"Ndugu yangu, nimekuja kuchukua spana."

Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa jambo la aibu.

"Spana haipo hapa," akasema. "Niliona hapa stesheni watu ni wengi, wanaweza kuiiba. Nimeiweka kwa shangazi, kule milimani."

Ningemgombezaje? Alikuwa amefanya nilichofanya mimi.

Tukatembea, yeye na mimi, kupanda milima upande wa Mpwapwa mpaka jua likaelekea kushuka. Shangazi yake ni mama wa makamo, mrefu, ana sauti ya kuitia ng'ombe. Nikamwamkia, shikamoo, akaitika. Nikaeleza shida yangu.

Akaingia ndani, akatoka na spana.

Ilikuwa imefungwa kwenye ngozi ya mbuzi na kupakwa samli. Haikuwa na tone la kutu. Mdomo wake ulikuwa unateleza vizuri kuliko nilivyoiacha. Nikanyoosha mkono.

Akairudisha ndani.

"Mwanangu, mali haitoki kwenye nyumba jioni, mbele ya watu wawili," akasema. "Kesho wazee waje waone, unywe pombe yangu, ndipo uondoke nayo."

Nikamweleza habari za Bwana Miwani, treni, Jumatatu, Tabora. Alisikiliza yote kwa upole. Kisha akaniuliza kama nakula mlenda.

Ijumaa wazee walikuja mmoja mmoja, kila mtu kwa mwendo wake. Spana ikawekwa kwenye kigoda. Kila mzee aliishika, akaigeuza, akauliza inaliwa na nini. Mimi nilikuwa nahesabu jua. Nakiri nilimchukia yule mama siku ile.

Ilipofika zamu yangu ya kusimama kuaga, Shangazi akasema jambo moja la mwisho.

"Unachukua yote?"

"Iko moja tu, Shangazi."

"Basi unatuaga kabisa. Mtu akiondoa ng'ombe wote zizini kwa mwenzake, ndiyo kusema hatujuani tena."

Huo nao ni utaratibu wetu, ninaujua tangu mdogo. Lazima kibaki kitu. Mwilini nilikuwa na koleo, ambalo nililihitaji kesho yake, na bisibisi ya mkuki wa babu.

Nikaiacha bisibisi. Roho iliniuma, sitaficha. Nilimfikiria mke wangu, jinsi nitakavyomweleza.

Tulishuka haraka, nikakaa stesheni Gulwe nikisubiri. Jumamosi asubuhi nikapata treni ya kuja Dodoma. Sikukaa. Nilisimama njia nzima na spana mkononi, kana kwamba kusimama kungeongeza mwendo.

Tulipofika Ihumwa, motokaa ilikuwa tayari juu ya behewa la wazi, imefungwa kamba pande zote. Treni ya pwani ilikuwa inasubiri yetu ipite, maana reli ni moja. Bwana Miwani alikuwa amesimama kando. Aliniona, akaangalia behewa, akainua mabega.

Sikumsalimia hata. Nilipanda behewani, nikalala chini ya motokaa, nikaikaza spana kwenye nati. Ikazunguka. Nikachomoa mrija, nikapuliza, nikanyonya, likatoka donge la tope jekundu moja kwa moja kinywani mwangu. Nikafunga.

Nikamwambia Bwana Miwani, "Zungusha."

Akapanda, akazungusha hendeli mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu ikanguruma palepale juu ya behewa, kamba zikatetemeka, abiria wakaruka kutoka kwenye treni zote mbili kuja kutazama. Mkuu wa treni akaanza kufoka kwa Kijerumani. Hakuna aliyemjali.

Ilibidi waishushe. Nikaandikwa kazi siku hiyohiyo, kwa sharti moja: vifaa vyote vilale kwenye sanduku moja, ndani ya motokaa. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Jumatatu wenzangu walikwenda Tabora, mimi nikashika jembe asubuhi na spana mchana.

Idi aliporudi nilimsimulia. Akasema, "Kwa hiyo ni mimi niliyesema kweli: chuma hakizai ndama." Nikamwachia ushindi wake.

Ningeishia hapa, na somo lingekuwa fupi: anza na nyundo, koleo, bisibisi, tupa na spana malaya, weka pamoja, lala karibu navyo.

Ila nimeahidi ukweli wote.

Mvua ya mwaka ule ilinyesha mara tatu tu. Nilikuwepo, nililima, nilipalilia, na uwele ukakauka ukiwa magotini. Kazi ninayo, lakini dukani nafaka iliisha, na ukiwa na kazi huwezi kuitafuna.

Siku moja mchana wakaniita stesheni. Ndahani amenitumia mzigo kutoka Gulwe. Nikakuta magunia mawili ya mtama. Milimani kwao mvua ilikuwa nzuri.

Aliyeuleta akanipa ujumbe: "Shangazi anasema, haya ni maziwa ya bisibisi yako."

Nilikaa juu ya gunia, wakuu. Nililia, mtu mzima, mbele ya makuli.

Niliyabeba mpaka nyumbani. Mke wangu, ambaye alikuwa hajanisamehe kwa kuuacha mkuki wa babu ugenini, alisikiliza ujumbe ule. Akachukua ungo, akaanza kupeta. Watoto walikaa mbele yake wakiokota punje zilizoruka.

Idi alikula kwetu jioni ile. Hakutania.

Basi somo langu ni hili. Vifaa vya kazi ya kila siku viweke sanduku moja, hilo halina ubishi, mimi kuvitawanya nusura kunipeleke Tabora. Lakini kimoja, hata kama unakipenda, kiache kwa watu.

Waliopitia karakana, ongezeni nilivyosahau. Wanaobisha kuhusu koleo na nati ya shaba, karibuni tubishane. Na aliyeko upande wa Gulwe akimwona Shangazi, amwambie bisibisi ile siji kuichukua.