Doa Lililomtetea Mama

Walimwita Brashi kwa sababu ya kazi yake. Aliandika mabango ya maduka kwa mkono, herufi nene zenye kivuli, na hapo mtaani hakuwa na mpinzani. Mwili tu ndio uliokuwa ukimwangusha. Akipanda ngazi kidogo, miguu inamwaka moto, na sikio moja lilishaanza kuwa zito. Mjomba wake alikuwa na jibu la siku zote: "Umechukua kwa mama yako. Naye alizaliwa amechoka." Mama alikufa na sifa hiyo ya uvivu imemganda, na hakuna aliyefungua mdomo kumtetea.

Asubuhi moja Brashi aliamka kichwa kinamwanga, akaenda kazini hivyo hivyo. Mwenye duka la dawa alipotoka kutazama bango lake, alikuta upande wa kushoto mtupu, herufi zote zimebanana kulia.

"Fundi, mbona umeanzia katikati?"

"Katikati wapi? Bango limejaa hilo."

Upande wa kushoto alikuwa haoni kitu, na hakujua kwamba haoni. Kabla hajashuka kwenye stuli, degedege likamwangusha.

Hospitali walidhani ni kiharusi, ingawa alikuwa bado kijana. Wakamlaza ndani ya mashine ya sumaku, ile inayogonga kama karakana ya mabati, wakampiga picha za ubongo. Siku ya majibu mjomba alimsindikiza, na daktari akaanza kumweleza mjomba.

"Daktari," Brashi akamkatiza, "ubongo ni wangu. Nieleze mimi."

Daktari akaomba radhi, akamgeuzia kioo cha kompyuta. Nyuma ya kichwa, upande wa kulia, palikuwa na doa jeupe.

"Kiharusi cha kawaida hufuata eneo la mshipa ulioziba," daktari akasema. "Doa hili limevuka mipaka. Mama yako alikuwaje?"

"Akichoka upesi. Mwishowe akawa hasikii."

Vipimo vya damu vikathibitisha alichoshuku daktari. Ndani ya chembe za mwili mna mitokondria, vijisehemu vidogo vinavyotengeneza nguvu. Vya Brashi vilikuwa na hitilafu, na mtu huvirithi kwa mama yake. Tiba ya kuing'oa hakuna. Zipo dawa za degedege, na kujua kuupumzisha mwili.

Kwenye korido mjomba alishusha sauti. "Haya yaishie hapa. Mdogo wako anaposwa, wakisikia watamkimbia. Nawe uache kazi, ukae nyumbani."

"Kazi siachi, nitaandika nimekaa. Na mama hakuwa mvivu, Mjomba, alikuwa mgonjwa. Ulimchafua mbele za watu, utamsafisha mbele za watu."

Mjomba hakumsafisha. Basi ukoo ulipokutana, Brashi alisimama mwenyewe, akainua picha dirishani mwanga upite, akawaonyesha doa, akawaambia lilikotoka. Shangazi mmoja alilia. Mjomba akachukua kofia yake akatoka, na tangu siku hiyo hapiti kwake.

Brashi hakumbembeleza. Jumatatu iliyofuata alimpitia mdogo wake, ambaye naye miguu ilikuwa imeanza kumsumbua.

"Na posa yangu je?" mdogo akauliza.

"Mwanamume anayekimbia picha, mwache akimbie mapema. Vaa viatu, twende hospitali."

Mdogo akavaa.