Pauni Nne za Mama kwa Samaki Watano

Nikianza kulisimulia hili wanangu huondoka ukumbini, maana haya niliyoacha kuiona mimi wanaiona wao, lakini nyinyi si watu wa kufichwa: mimi niliyekuwa nikihesabu chenji mara mbili hata ikiwa ya sadaka, nilimpamba binti yangu kwa vitu vya baa siku ya harusi yake, mbele ya wakwe, na nikapiga vigelegele juu yake.

Ilikuwa wakati ule pesa za Malkia zinaondoka na zetu za uhuru zinaingia. Redio ikatangaza kwamba zenye kichwa chake zipelekwe zikabadilishwe kabla hazijafa. Sasa mimi nilikuwa na pauni nne za dhahabu za marehemu mama, nimemwekea Mwanasha, kifungua mimba wangu, azivae siku ya kutolewa nje, bibi harusi aonwe na wageni. Upande mmoja mna bibi mzee kajitanda ushungi, upande wa pili mtu juu ya farasi anaua joka. Nikajiuliza, huyu bibi naye si Malkia? Si atakufa na wenzake? Ningevuka njia tu nikamwuliza sonara wetu wa Msambweni, lakini sonara ukimwuliza amekwisha kujua una nini ndani (na siri zangu sikuzoea kuzitoa bure). Sikumwuliza. Basi, yote yakaanzia hapo.

Nilikuwa nikitembeza leso hadi Galu, na katika hoteli moja kule palikuwa na mhudumu kutoka bara, ulimi wake asali.

"Mama, hii ya Malkia imekwisha," akaniambia, akizigeuzageuza. "Wazungu wenyewe wanatupa. Siku hizi wanaweka ya Austria, ya Meksiko, ya Afrika Kusini."

"Ya makaburu sitaki nyumbani kwangu."

"Basi chukua Meksiko. Ni jamhuri, kama sisi. Haina malkia wa kufa."

Akatoa nne, kubwa, zinang'aa, zina samaki mwenye pua kama sindano na maandishi ya Kizungu pembeni (mimi nasoma herufi za Kiarabu nilizofunzwa chuoni, hizo nyingine hunipita kama sisimizi). Nikaing'ata moja, jino likalia. Nikasema ngumu hivi, basi ni nzuri! Kwamba dhahabu halisi huachia jino, hilo nilikuja kuambiwa baadaye. Nikamkazania aniongeze moja, akalalamika, akaapa atafukuzwa na mkewe, mwisho akaongeza. Nne kwa tano! Nikazihesabu mara mbili njiani, nikajihurumia kwa akili nyingi nilizopewa peke yangu.

Siku ya harusi Mwanasha akakaa juu ya kiti, hina hadi viwikoni, samaki watano wamepangwa shingoni kwa mkufu, na mimi nazunguka nikiwaambia wageni, "Dhahabu ya Meksiko hiyo, mwenzangu, iguse uone uzito." Shangazi wa bwana harusi, mwanamke wa kupima watu kwa macho, akaigusa.

"Mbona shingo ya bibi harusi imekuwa kijani?"

"Ni rangi ya hina," nikamjibu.

"Hina ya kijani? Riziki, hebu njoo utusomee hapa."

Riziki ni dada wa bwana harusi, alisoma shule. Akainama, akasoma kimoyomoyo, akaziba mdomo.

"Soma, mwanangu," nikamhimiza mimi mwenyewe, kwa sauti, ili wote wasikie jina la Meksiko.

"Imeandikwa... baa. Kinywaji kimoja. Pesa hairudishwi."

Akacheka mmoja huko jikoni, na baada yake sikusikia kitu ila vicheko. Mwanasha hakucheka. Machozi yakamshuka na wanja wake, akasema polepole, "Mama, pauni za bibi ziko wapi?" Nikavua bangili zangu mbili, ndiyo dhahabu yote iliyobaki mwilini mwangu, nikamvisha yeye, na ule mkufu nikauficha ndani ya leso.

Sonara naye alinipa pole yenye maumivu: pauni ya dhahabu haijali nani anatawala, huuzwa kwa mizani, na zile zangu angezinunua siku yoyote.

Nikaenda Galu. Mhudumu kaacha kazi siku mbili kabla sijafika. Nikaingia baa na buibui langu, watalii wakanikodolea macho, nikapanga samaki wangu watano mezani.

"Pombe sinywi. Nipe soda za machungwa."

"Zote tano, mama?"

"Zote. Na zifungue hapa hapa, nizione."

Nikazinywa moja baada ya moja, tumbo limejaa kama ngoma, maana hizo zilikuwa pauni nne za mama yangu na sikukubali kuacha hata tone. Tangu siku hiyo soda ya machungwa haipiti kooni mwangu, na sonara namwuliza kila kitu, hata bei ya samaki.