Matundu Matatu ya Koti la Babake Bibi

Nilipasuka kwa hasira pale nilipoisoma ile karatasi ndani ya kabati la kioo: "Koti la askari wa adui. Matundu ya risasi mgongoni." Mwanangu yuko kiunoni anatafuna mtandio wangu, na mbele yangu koti la nyumbani kwetu limevishwa sanamu ya mbao isiyo na kichwa.

"Risasi?" nikamwuliza afisa wa makumbusho. "Nani kakwambia?"

"Dada, taratibu. Wataalamu wamelichunguza."

Miezi mitano nilikuwa taratibu! Koti lile, babake bibi yangu alirudi nalo kutoka vitani. Vifungo havilingani, mikono imepunguzwa, na hakuna aliyejua ni la jeshi gani. Bibi alitaka kujua kabla hajafa, basi. Nikalipeleka mimi mwenyewe likatambuliwe, nikaambiwa wiki mbili. Kila nikienda na mtoto, njoo kesho.

Wangeniuliza, ningewaambia. Kwetu Ijumaa asubuhi nguo hutandazwa juu ya kikapu, chini yake chetezo cha makaa na udi, zinukie. Koti nalo halikuachwa. Mzee hakwenda msikitini bila kulivaa juu ya kanzu. Siku moja bibi, wakati huo msichana wa miaka minane, akaachiwa kazi hiyo. Akayapuliza makaa kwa nguvu zake zote, cheche zikaruka. Matundu matatu. Babake akalivaa vivyo hivyo, akapita mtaani akiwaambia watu, "Vitani nilisalimika, nyumbani nimepatikana."

Nilipomweleza bibi yaliyoandikwa, alicheka mpaka akakohoa. "Risasi? Risasi ni mimi!" Kisha akaniuliza, "Na babangu ndiye adui? Nirudishie koti langu, mwanangu. Nataka kulifukiza."

Kesho yake nikarudi, nikaomba karatasi, nikaandika nimesimama, mtoto akivuta kalamu. Sikuondoka mpaka wakagonga muhuri:

"Nalalamika rasmi. Nilileta koti letu litambuliwe, mkalitia kwenye kioo bila idhini. Kama hamjui ni la jeshi gani, andikeni hamjui; hata sisi hatujui. Aliyelivaa hakuwa adui wa mtu. Matundu hayo ni ya makaa ya udi, na aliyeyatoboa yuko hai, akili zake timamu, njooni mumwulize. Koti lirudi nyumbani kabla ya Ijumaa. Na msilifue."