Siku Neno "Mugeni" Lilipobadilika

Siku moja ninaikumbuka vizuri, mjukuu wangu. Mama yako alikuwa bado mtoto wa shule ya msingi, na majeshi mawili ya nchi jirani yalikuwa yanapigana ndani ya mji wetu huu wa Kisangani kama ni mji wao. Mabomu yalianguka juu ya nyumba za watu.

Kabla ya hapo, mugeni kwetu lilikuwa neno la chakula. Mtoto akiita "Mugeni!", mama yangu aliongeza unga kwenye sufuria ya fufu, hakuuliza ni nani. Hata askari wale walipofika mara ya kwanza tuliwapa maji ya kunywa. Baada ya mabomu neno lilibaki lile lile, ila mtoto akilitamka watu walifunga mlango. Sisemi tulikosea kufunga. Tulikuwa tumepigwa.

Basi siku hiyo milio ilitulia kidogo, tukakimbilia mtoni tuvuke kwenda Lubunga. Kaka yangu mkubwa, Yaya Faustin, alishika pirogi, mtumbwi wa baba. Tulipokwisha kukaa, akaja Mama Kavira, muuza maharagi wa njia yetu, mtu wa Butembo, upande wa mpaka walikotokea askari, mtoto mgongoni. Yaya akamzuia kwa kasia.

"Wewe bakia, mama. Wageni ndio wanatuua."

"Faustin, juzi ulikula maharagi yangu, ukasema iko tamu."

"Ilikuwa juzi."

Mama yangu aliinuka. Alishuka, maji yakamfika magotini, akasimama kando ya Mama Kavira.

"Mama, panda, watapiga tena!" Yaya aliita.

"Mimi nilizaliwa Yanonge. Hapa mjini mimi pia iko mugeni. Donc, basi, tunabakia wawili."

Yaya aliangalia mji, akaangalia mama yake, akaondoa kasia. Tulivuka wote, maji karibu yaingie. Katikati ya mto mama akamwambia, "Wenye kutupiga walibeba bunduki. Huyu amebeba mutoto. Macho yako iko ya kazi gani?"

Sasa tumeshambuliwa tena. Safari hii vitu vya mabomu visivyo na rubani vimeruka angani mpaka uwanja wa ndege, na jana nimekusikia ukimwambia papa, yule mzee wa duka, "Rudia kwenu, mugeni." Papa huyo alikuja hapa akikimbia risasi. Hukujua, kwa sababu hukuuliza.

Sikwambii umwamini kila mtu. Nchi iliyopigwa ikiendelea kulala, itapigwa tena. Lakini ukimwogopa mtu, uliza amefanya nini. Ukiuliza ametoka wapi tu, hujajua kitu bado. Leo utakwenda dukani kwake, utamwita papa, utamwomba msamaha, ndipo ununue sabuni. Hilo halina mjadala.

Mungu akulinde na mabomu, akulinde na kinywa chako pia. Na siku utakayofika mahali ambapo mugeni ni wewe, umkute mtu wa kushuka majini asimame kando yako.