Nyanya Harudishwi Getini

Naikumbuka vizuri, mwanangu, Julai ile ya baridi tulipompitisha Mtakatifu Anna juu ya geti. Usinitolee macho hivyo. Wewe ndiye umetumwa na kamati yako kuniambia kwamba mwaka huu sikukuu ya Anna, somo na msimamizi wa parokia yetu, itaishia kwenye uwanja wa kanisa, eti watu wa maghorofa wamelalamikia ngoma. Fulana mmeshachapisha kule mjini River Road, picha yake iko hapo kifuani mwako, lakini yeye mwenyewe mnataka akae ndani. Aka! Vuta kiti, kunywa chai, unisikilize.

Sanamu yetu ililetwa na padri mmoja mzee, Mtaliano, kitambo kabla wewe hujazaliwa. Alituambia kwao ni kijiji kidogo kilimani, vichochoro vyembamba kama vyetu hapa mtaani Satellite, na kila mwaka somo wao hubebwa mabegani kwenye machela ya mbao. Husimama katika kila mlango wenye mgonjwa. Wala hageuzwi njiani. Akishatoka kanisani anakwenda mbele mpaka amalize nyumba zote. Sisi tulilipenda jambo hilo tukalifanya letu. Tukaongeza ngoma na vigelegele, na mukimo, viazi na mahindi ya kupondwa, baada ya Misa, maana hao Wataliano sijui hula nini siku ya sherehe.

Mwaka huo nilikuwa msichana wa kwaya, na mama yangu alikuwa mgonjwa sana. Miguu ilikuwa imekataa kabisa, na daktari alishatuambia tukae naye tu nyumbani. Asubuhi ya sikukuu aliniamuru nimtolee kiti nje, nitandike kitambaa cheupe mezani, niweke maua.

"Anna atanikuta hapa nje," akasema. "Simpokei nikiwa nimelala."

Nilijua, naye alijua, kwamba sikukuu nyingine hataiona. Nikamfunika blanketi, nikamwachia jirani, nikakimbia kanisani.

Tukatoka tukiimba. Waliobeba machela walikuwa akina mama, wakiongozwa na Susu Kalekye. Susu, ndivyo Wakamba wanavyomwita nyanya. Alikuwa mfupi, mwembamba, muuza maharagwe, na sauti yake ingesimamisha lori. Tulipokata kona ya kushuka kwetu tukakuta geti. Geti la chuma, refu kuliko mtu, rangi bado mbichi! Tajiri mmoja aliyekuwa amenunua kiwanja hapo aliiziba njia asubuhi hiyohiyo, sisi tukiwa kwenye Misa. Ng'ambo ya geti njia ilikuwa bado wazi mpaka mlangoni kwetu. Ukitaka kuzunguka, ilibidi upite ukingoni mwa mtaro, mmoja mmoja, umeshikilia ua. Machela isingepita huko.

Mwenyekiti wa parokia akaja mbele, suti imepigwa pasi.

"Jamani, tugeuke," akasema. "Mwenye kiwanja ndiye ametupa ng'ombe wa leo. Tusimkasirishe. Hao wagonjwa wa kule chini padri atawatembelea kesho."

Watu wengine wakaanza kugeuka. Nikalia palepale, nikisema mama anangoja nje kwenye baridi. Nilidhani Susu atanibembeleza. Wapi!

"Wewe msichana, unalia nini na mabega unayo?" akanifokea. "Njoo ushike hapa!" Nikashika mbao ya machela, nikafuta kamasi kwa kiwiko. Halafu akamgeukia mwenyekiti.

"Huyu tuliyembeba ni nani?"

"Ni Mtakatifu Anna."

"Ni nyanyake nani?"

"Nyanyake Yesu."

"Sasa nyanyake Yesu unataka kumrudisha getini kwa sababu ya ng'ombe?"

Watu wakaangua kicheko, na wale waliogeuka wakarudi. Ndani ya geti kulikuwa na askari kijana, amesimama na rungu lake, jasho linamtoka na baridi yote ile.

"Susu, nimeambiwa nisifungue," akasema. "Nikifungua leo, kesho sina kazi."

"Usifungue, baba. Nani amekuambia ufungue? Lakini umeambiwa usipokee mgeni akitokea huku juu?"

Askari akafikiria. "Hapana. Hiyo sijaambiwa."

"Basi weka rungu chini, unyooshe mikono."

Tukasimamisha ngoma kubwa ya kwaya chini ya geti iwe ngazi. Tukamfunga Anna kwa leso za viunoni mwa akina mama, tukamwinua, na askari akampokea kule ndani kwa uangalifu. Ikafuata machela. Nami nikakunja sketi nikavuka. Susu alisukumwa na wanaume wawili huku akiwagombeza kwamba hawajui kusukuma. Mwenyekiti alipanda mwisho, suruali ya suti ikachanika, na hakuna aliyempa pole.

Mama alikuwa bado kwenye kiti.

"Mmechelewa," akatuambia. "Chai imepoa."

Kisha akaushika mguu wa sanamu kwa mikono yote miwili, akalia kwa sauti, akacheka, akalia tena. Hakuna aliyemharakisha. Tulimzika kabla ya Krismasi, na mpaka leo nafurahi kwamba alimpokea mgeni wake akiwa amekaa. Yule tajiri naye alituma watu jioni wamchukue ng'ombe wake. Tulikuwa tumeshamla.

Kwa hiyo usiniletee habari za malalamiko, mwanangu. Kule chini kuna mzee aliyepooza, ameshaomba meza yake itolewe nje. Nenda wewe mwenyewe ukamwambie haji mtu, kama una moyo huo. Nakuusia hivi: mwenye nguvu akikuambia geuka, kabla hujajibu, mfikirie anayekungoja kule ng'ambo. Usimpige mtu. Usivunje geti la mtu. Usimfanye askari maskini akose chakula cha watoto wake. Ongea na hao wa maghorofa kwa adabu, waalike hata kwenye mukimo. Lakini kugeuka, usigeuke.

Mungu akulinde, akupe mabega yasiyochoka na uso usioogopa matajiri, na siku miguu yako itakapokataa, wawepo wa kumleta Anna mpaka mlangoni pako. Sema amina. Siku hizi mageti ni mawili, na yameongezwa urefu. Ngazi pia tunazo mbili, ziko nyuma ya nyumba. Maliza chai, uwaite wenzako mje mzibebe.