Katsuva na Taa ya Uongo

Katika mtaa wa Nyakasanza, mjini Bunia, watu walimwita Kwado, jina wanalopewa wote wanaoziba matairi kando ya barabara, na wengi hawakujua kwamba ana jina jingine. Jina lake lilikuwa Katsuva. Alitoka Butembo mwaka wa 2007, vita vya Ituri vilipotulia na watu kuanza kujenga upya, akaja na mke wake Faida na kompresa moja iliyokuwa ikipiga kelele kuliko kazi yake. Mungu hakuwapa mtoto. Mwaka wa nne Faida alishikwa na homa, siku sita tu, akafa. Akazikwa hapo hapo Bunia.

Dada yake Jeannine alikuwa akimpigia simu kutoka Butembo. “Kaka, rudi nyumbani. Unabaki huko na nani?”

“Na kaburi nitamuachia nani?” Katsuva alimjibu.

Baadaye barabara ya Beni, njia ya kwenda Butembo, ikaanza kumaliza watu kwa bunduki na mapanga, na Jeannine akaacha kumwomba arudi.

Basi akabaki. Asubuhi alifungua, jioni alifunga. Maneno aliyoambiwa kwa siku nzima yalikuwa ya matairi: ongeza upepo, toa msumari, hii imekwisha. Jumatatu moja, akiwa anawasha kompresa, aligundua kwamba tangu Jumamosi mchana hakuna mtu aliyemsemesha. Alikohoa kwanza ili asikie kama sauti bado ipo.

Mwaka wa 2016, mvua za Septemba zilipokuwa zimepamba moto, mama mmoja alisimamisha gari dogo jeusi mbele ya kibanda chake. Alikuwa Mama Clarisse, mwalimu wa wakunga, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mjane. Gari aliachiwa na marehemu mume wake, ambaye alilileta kutoka Kampala. Tairi la nyuma lilikuwa limekula msumari wa boriti.

Katsuva alilitoa, akashangaa. Kuta za tairi zilikuwa ngumu kama ubao. Halina upepo hata kidogo, lakini limesimama wima kama zima.

“Njo vile iko siku zote,” Mama Clarisse alisema. “Bwana yangu aliniambia mupira hii inatembea kilometa makumi munane bila mupepo. Lakini kwa macho hauwezi kujua. Lazima uangalie taa.”

Taa yenyewe ilikuwa kwenye dashibodi, nyekundu, na alama ya gurudumu ndani yake. Shimo lilikuwa baya, halikuzibika. Katsuva aliulizia kwa wafanyabiashara wa Aru, mpakani, na baada ya siku tisa akaletewa tairi la namna hiyo hiyo, jipya. Akalifunga. Mama Clarisse akashukuru, akaenda.

Jumanne iliyofuata alirudi. “Papa Katsuva, taa imewaka.”

Alikuwa ameuliza jina lake siku ile ya kwanza, na hakulisahau. Katsuva alipima matairi yote manne. Upepo ulikuwa sawa. Akapaka maji ya sabuni, akasubiri povu. Hakuna. Ijumaa mama akarudi tena, na Jumanne nyingine tena. Kila mara taa ilisema tairi limetoboka, na kila mara tairi lilikuwa zima. Mtu mwenye matairi ya kawaida angeshuka, angetazama, angecheka na kuendelea. Yeye hakuweza. Macho hayakumsaidia kitu, na kila Jumamosi alikuwa na safari ya Tchomia, ziwani, kumwona mama yake mzee aliyekataa kuhamia mjini. Amani ilikuwepo Bunia. Njiani ilitegemea siku.

Wakati Katsuva anapima, Mama Clarisse alikaa kwenye benchi akazungumza. Alisimulia juu ya wanafunzi wake, juu ya binti aliyezimia alipoona mtoto anazaliwa, kisha akaamka na kuuliza kama ni mwanamume au mwanamke. Katsuva alicheka mpaka akaweka kipimo chini. Siku moja alimsimulia habari ya Faida, zile siku sita zote, moja baada ya nyingine. Hakuwahi kumsimulia mtu. Mama Clarisse hakusema pole. Aliuliza, “Alipenda kula nini?” na Katsuva akajibu, “Mboga ya lenga-lenga na samaki ya moshi,” akageuka upesi kushughulikia kompresa.

Akaanza kunyoa ndevu Jumanne na Ijumaa. Akanunua chupa ya chai. Kama alimtaka yule mama jinsi mwanamume anavyomtaka mwanamke, hakujiambia. Alijua tu kwamba juma sasa lilikuwa na siku mbili.

Mwanzoni mwa Novemba alipita Xavier, dereva wa shirika moja, mtu aliyezoea magari ya kila aina. Katsuva akamweleza habari za gari jeusi.

“Ah, hiyo!” Xavier alisema. “Papa, gari ile haipime mupepo. Inahesabu vile magurudumu inazunguka. Mupira ikikosa mupepo inakuwa mufupi kidogo, inazunguka mbio kuliko zingine. Sasa weye uliweka mupya katikati ya zile zimelika. Gari inaona tofauti, inafikiri imetoboka.”

“Dawa yake?”

“Unaifundisha. Iko kitufe karibu na fren ya mukono, ile ya kuvuta. Pima mupepo vizuri, finya kitufe mpaka taa ibadilike, kisha mutembee dakika kumi, mwendo moja. Imekwisha.”

Katsuva alirudia maneno hayo moyoni mara tatu asiyasahau. Alifurahi. Lakini Xavier alipoondoka, furaha ile ikamwisha kidogo kidogo. Imekwisha, alikuwa amesema.

Ijumaa Mama Clarisse alifika. Maneno yalikuwa tayari mdomoni mwa Katsuva. Mama akashuka na kifurushi kilichofungwa kwa gazeti mkononi. “Nimekuletea samaki ya Tchomia. Ya moshi,” alisema.

Katsuva alikipokea kwa mikono miwili. Akapima matairi. Akainuka.

“Hakuna kitu,” alisema. “Labda ni baridi ya mvua.”

Na Jumanne akasema tena hivyo. Aliposhindwa kumtazama usoni, akaongeza shauri ili aonekane anamjali: “Ikiwaka njiani, usidharau. Simama, uangalie.” Wiki tatu zikapita namna hiyo.

Jumatatu moja, siku ambayo si yake, gari jeusi lilisimama. Mama Clarisse alishuka akiwa na kandambili miguuni, na shavu moja lilikuwa limevimba. Hakukaa kwenye benchi.

“Papa Katsuva, leo uangalie muzuri. Nambie kama mupira iko na mupepo ao hapana.”

“Kuna nini, mama?”

“Jumamosi taa iliwaka nilipopita Bogoro, njia ya Tchomia. Nikasimama, kama ulivyosema. Wakatoka mu majani, watu watatu na bunduki. Walichukua simu, sakoshi yangu ya mukono, viatu, na dawa ya presha ya mama yangu. Nikawaomba dawa. Moja akanipiga. Mwingine akaniuliza sababu gani nilisimama pale. Nikasema, mupira. Akaipiga teke, zote ine, akacheka. Akasema, ‘Mama, mupira yako iko muzima.’”

Katsuva aliinama na kipimo. Kikamponyoka, akakiokota. Alipima la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Hakuhitaji kupima.

“Iko muzima,” alisema akiwa bado chini. “Zote. Mama, tatizo naijua. Gari inapaswa kufundishwa mupira mupya. Ni kitufe tu.”

“Umejua leo?”

Hapo angeweza kusema ndiyo. Aliwaza hivyo, na neno lilikuwa jepesi.

“Nilijua tangu wiki tatu.”

Pikipiki zilipita barabarani. Mama Clarisse alingoja zipite.

“Sababu gani haukunambia?”

“Ulikuwa unakuja,” Katsuva alisema.

Mama hakupaza sauti, na hilo lilimuumiza Katsuva zaidi. Akafungua mlango wa gari. “Tengeneza.”

Akaweka upepo sawa, akafinya kitufe, taa ikabadilika. Kisha ikabidi watembee. Mama akashika usukani, Katsuva akakaa pembeni, mikono yake michafu ameiweka juu ya magoti asiguse kitu. Wakaenda kuelekea uwanja wa ndege, mwendo mmoja, wakageuka, wakarudi. Dakika zote kumi zikaisha Katsuva hajaomba msamaha. Taa ikazimika.

Mbele ya kibanda mama alisimama bila kuzima injini.

“Papa Katsuva, ungenambia siku ile ile,” alisema. “Ningekuja tu. Siye wajane pia tunakaa peke yetu.”

Akaondoka. Jumanne hakuja, wala Ijumaa. Katsuva alinyoa, kisha akaacha kunyoa. Alitafuta dawa ya presha katika maduka matatu, akampa Xavier ampelekee Mama Clarisse shuleni kwake. Xavier alirudi akasema mama ameipokea. Hakutuma neno.

Ilipofika Februari, Katsuva alivaa koti lake Jumapili moja, akatembea mpaka kanisa alilowahi kumsikia Mama Clarisse akilitaja. Alisimama nje hadi ibada ilipomalizika. Mama Clarisse alitoka akimshika mkono bibi mmoja mfupi, mwenye kitambaa cheupe kichwani. Alipomwona Katsuva alisita, kisha akaja.

“Papa Katsuva. Muzima?”

“Muzima, mama. Nilikuja…”

“Huyu ni mama yangu. Tumemutoa Tchomia wakati ya Noeli,” alisema, akamgeukia mzee. “Mama, huyu ndiye alitengeneza gari.”

Bibi alikamata mkono wa Katsuva kwa mikono yake yote miwili. “Ah, Mungu akubariki, mwanangu! Mutoto yangu alikuwa anateseka na gari ile. Weye ndiye ulimusaidia. Mungu akuongezee siku.” Alimshukuru sana, na hakumwachia mkono. Katsuva alimtafuta Mama Clarisse kwa macho, akidhani atasema lile lililobaki, zile wiki tatu alizomficha. Hakulisema.

“Weye uko na watu hapa Bunia?” bibi aliuliza.

“Niko nao, mama,” Katsuva alijibu.

Mama Clarisse, aliyejua kwamba hana, aliangalia upande wa magari. Kisha akamwambia mama yake kwamba jua limekuwa kali, waende. Akaaga kwa adabu. Wakaingia garini. Katsuva alisimama pale mpaka walipokata kona, akavua koti, akaanza kurudi Nyakasanza kwa miguu.